Mtani wa Kezia

Mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wengi wa kitongoji chetu wakidai kwamba wao hawakucheka. Kama ni kweli, basi uwanja wa shule ya Busunzu ulikuwa mtupu na mimi nilikuwa nacheka na mbuzi. Uwanja ulijaa. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, uchaguzi wa vitongoji na vijiji, wa kwanza wenye vyama zaidi ya kimoja, na watu walihudhuria kila mkutano wa kila chama kwa sababu vipaza sauti vilikuwa kitu kipya na maharage yalikuwa bado hayajafika kuvunwa.

Jina langu ni Maximilla. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo nusu ya waliokuwa pale uwanjani ni mimi niliyewafundisha kuandika majina yao. Mpaka leo wananiita Mwalimu, hata wale wasionipenda. Jirani yangu Kezia alikuwa anagombea uenyekiti wa kitongoji na mimi nilikuwa msaidizi wake wa kampeni. Mpinzani wake alikuwa Pasikali, mwenye ng'ombe wanne na maneno machache. Vyama vyao sitavitaja. Vyote viwili vimenikera kwa miaka mingi, lakini haya ninayoyaeleza hayakuamriwa na mkubwa yeyote wa chama. Yalikuwa yetu wenyewe.

Pasikali alijua kwamba hajui kusema mbele za watu. Akamkodi Nurudini.

Nurudini alikuwa Msumbwa, muuza sufuria wa kwenye magulio. Alikuwa anauza kwa mdomo. Angekushikia mfuniko, akuigizie mke wako anavyoufunua kuangalia kama umeiba nyama, na ungejikuta umenunua mfuniko wakati sufuria ya kuufunika huna. Mimi mwenyewe ninao mmoja wa namna hiyo mpaka leo.

Siku ile alipanda juu ya meza akiwa na kopo tupu la mafuta ya msaada na kipande cha boksi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu mwaka uliotangulia, vita vilipolipuka Burundi, watu walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu na kambi zimejaa, na sote tulikuwa tumeiona foleni ya mgao: kadi mkono mmoja, kopo mkono mwingine. Nurudini akaifanya foleni nzima peke yake. Akasukumwa, akasukuma, akakanyagwa, akafika mbele. Kisha akaruka upande wa pili, akawa mzungu mwenye daftari.

"Jina?" aliuliza kwa sauti ya puani.

Akaruka tena upande wa huku. "Kezia," akajibu kwa sauti ya kike, akiyavuta maneno kama wanavyoyavuta watu wa ng'ambo ya mpaka.

"Familia yako, watu wangapi?"

Hapo aligeuka, akatutazama. Akaanza kutuhesabu kwa kidole, safu kwa safu, taratibu, mpaka tukaanza kujitazama. Kisha akamrudia mzungu wake. "Andika kijiji kizima," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, sitasema uongo. Nilipojifuta machozi ndipo nilipomkumbuka Kezia, na alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, mikono ameifunga ndani ya kitenge.

Kezia alizaliwa Burundi. Mwaka wa sabini na mbili, yalipotokea yale mauaji ya wakati ule, mama yake alivuka naye kwa miguu akiwa na miaka sita. Akasoma shule yetu mpaka darasa la saba. Akaolewa na Sylvesta, Muha wa hapahapa, akamzalia mtoto wa kike, Irakoze. Sylvesta alifariki kwa kifua akamwachia nyumba na shamba la kahawa lenye migomba. Mama yake Kezia, Bibi Niyonkuru, alikuwa akiishi naye. Kiha chetu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani, na hakuna ukoo hapa usio na bibi au shangazi aliyetoka upande ule. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwita Kezia mkimbizi. Alikuwa Mama Irakoze, mpaka siku Nurudini alipomkabidhi kopo.

Siku mbili baadaye watoto walikuwa wanayaimba kisimani. Mmoja anasema "Jina?" na wenzake wanajibu "Kezia." "Familia?" "Kijiji kizima." Wiki iliyofuata niliyasikia yaleyale vilabuni, kwa watu wazima. Na wiki ya tatu kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Mzee mmoja mwenye akili zake, mwanafunzi wangu, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hivi hiyo kadi ya Mama Irakoze ameitoa kambi gani?"

Nikamwambia hana kadi. Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake anayefichwa mambo.

Pasikali aliona mlango umefunguka, akaingia. Akaandika barua kwa serikali ya kijiji. Barua ilisema kwamba agizo la serikali ni wakimbizi wote wakae kambini, na kwa kuwa kuna habari nyingi kwamba Kezia ni mkimbizi, mkutano mkuu wa kijiji uamue jina lake litoke kwenye daftari la wakazi. Jina likitoka, hagombei. Hilo lingekuwa dogo. Jina likitoka, yeye na Irakoze na Bibi wangepandishwa lori kupelekwa kambini, na shamba la Sylvesta lingebaki halina mwenyewe, likipakana na la Pasikali. Mkutano ukapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nikaanza kupigana, na nilipigana vibaya.

Kwanza nilikwenda na daftari. Kwenye mkutano wetu wa kampeni nilisimama nikasoma ukurasa wa arobaini na mbili, jina lake, mwaka wa kuandikishwa, sahihi ya mwenyekiti wa wakati ule. Nikasoma cheti chake cha shule, nikasoma cheti cha ndoa. Kila mara nilianza kwa kusema, "Si kweli kwamba Kezia anachukua mgao kambini." Nilisema hivyo Busunzu na kwenye vitongoji vya jirani pia, mpaka mwanamke mmoja wa mbali akamwambia mwenzake, "Kumbe anachukua mgao?" Alikuwa hajalisikia. Nilimpelekea mimi.

Kwenye mkutano uliofuata wa Pasikali, Nurudini alipanda mezani akiwa amevaa miwani ya waya isiyo na vioo. Akafungua ubao wa kukatia nyama kama daftari. "Ukurasa wa arobaini na mbili," akasoma kwa sauti yangu, na alinipata barabara, mpaka kile kikohozi changu kabla ya tarehe. Watu walilala chini kwa kicheko. Ukweli wote ulikuwa kwenye ukurasa ule na tangu siku hiyo sikuweza kuutaja bila mtu kukohoa.

Nikakasirika. Mimi hasira hunifanya nijione mwerevu. Nikatunga kichekesho changu, kuhusu Pasikali na ng'ombe wake wanne, kwamba anawapa wao ndio wamwandikie hotuba na ndiyo maana hotuba ni fupi. Watu walicheka sana. Walicheka changu, wakacheka na cha Nurudini, wakaenda nyumbani wakiwa na viwili, na barua ya Pasikali ilikuwa palepale kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku ya gulio Nurudini alinipa mkono.

"Mwalimu, sasa wewe ni fundi mwenzangu," alisema.

Sikuupokea mkono wake. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kuna mama na mtoto na bibi mgonjwa ambao watalala kwenye turubai kwa sababu ya mdomo wake.

Alishangaa, na nadhani alishangaa kweli. "Mwalimu, ule nao si utani tu? Wasumbwa na Waha si watani? Nisipomtania yeye nimtanie nani?"

Jioni yake nilikwenda kwa Kezia. Alikuwa barazani anapeta maharage ya mbegu. Bibi Niyonkuru alikuwa ndani amelala. Miguu ilikuwa imemvimba tangu mwezi uliopita na mganga wa zahanati alikuwa amesema ni moyo. Nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kumlaani Nurudini.

"Mwache," Kezia alisema. "Yeye anauza. Mimi nawafikiria walionunua."

"Watu ni wajinga."

"Si wajinga, Mwalimu. Wanaogopa. Mama yake Pasikali mwenyewe katoka wapi? Hukohuko kwetu. Kila mtu pale uwanjani ana mtu wa ng'ambo. Nurudini akitaja jina moja, wote wanashukuru si lao. Wakicheka wanakuwa upande wa wanaocheka, basi." Alipeta kidogo, akapuliza makapi. "Na wewe ulicheka."

Nilisema nilicheka kwa bahati mbaya.

"Nilikuona. Ulicheka wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikakuona wewe, nikajua nimekwisha. Kama Mwalimu anacheka, nani atabaki?"

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nikaomba msamaha, na sikuomba vizuri, nikaongeza maneno mengi yasiyotakiwa. Yeye akaendelea kupeta mpaka nikamaliza. Ili kujinasua nikamweleza jinsi nilivyomkaripia Nurudini gulioni na alivyonijibu.

Kezia aliuweka ungo chini. "Amesemaje?"

"Kwamba ni utani. Wasumbwa na Waha."

"Alisema hivyo mbele za watu?"

"Mbele ya wateja tele."

"Rudia, Mwalimu. Maneno yake yenyewe, usiyapambe."

Nikayarudia. Aliingia ndani kumwangalia mama yake, akakaa huko kwa muda, akatoka na kuuokota ungo. Hakuniambia alichokuwa anakiwaza.

Kwa msomaji wa mbali ni lazima nieleze. Wazee wetu husema utani wa Waha na Wasumbwa ulianza enzi za misafara, watu walipokuwa wanazikana njiani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, akabeba jogoo wako, akalala kitandani kwako na viatu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Lakini utani una upande wa pili. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kufanya kazi zinazowashinda wafiwa. Anachimba kaburi, anaosha vyombo, anafanya mizaha msibani ili watu wapate pumzi, na siku ya kuanua tanga ndiye anayefagia chumba cha marehemu na kutoa vitu vyake. Mtani anayekimbia msiba anachekwa mpaka wajukuu zake. Afadhali mwizi.

Bibi Niyonkuru alifariki Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wa kijiji. Alifariki asubuhi, Irakoze akiwa amekwenda kumchotea maji. Nilipofika Kezia alikuwa ameshamfumba macho. Hakuwa analia bado. Alinishika kiwiko.

"Mwalimu, leo gulio liko wapi?"

Nilidhani msiba umemchanganya. Nikamjibu kwamba Alhamisi gulio liko kijiji cha pili.

"Nenda kwa Nurudini. Mwambie mtani wake amefiwa na mama. Kaburi linachimbwa kesho saa tatu. Sema kwa sauti, watu wasikie. Usimtukane na usiongeze neno."

Hilo la kutoongeza neno lilinipa taabu njia nzima. Nilitembea saa moja na nusu. Nurudini alikuwa amezungukwa, sufuria moja ameivaa kichwani, wanawake wanamshika bega kwa kucheka. Nilisimama mpaka akaniona.

"Mwakeye, Nurudini," nilimsalimu kwa Kiha. "Msiba umekufika. Mtani wako Kezia wa Busunzu amefiwa na mama yake asubuhi hii. Kaburi ni kesho saa tatu."

Aliivua sufuria. Watu walinyamaza, kwa sababu tangazo la msiba ni tangazo la msiba hata kama limeletwa na adui. Nilimwona anavyotafuta njia. Angeweza kusema Kezia si mtani wake. Lakini basi yale ya uwanjani yalikuwa nini? Kumsimanga mtu asiye mtani wako ni kumtukana, na tusi linapelekwa barazani kwa wazee na linatozwa mbuzi. Na kama ni mtani wake, basi Kezia ni Muha, maana Msumbwa hana utani na Warundi. Alikuwa ameshasema mwenyewe, kwa mdomo wake, gulioni, mbele ya hawahawa.

"Kezia ndiye aliyekutuma?" aliuliza.

"Ndiye."

Alizifunika sufuria zake kwa turubai. "Mwambie nakuja na jembe langu," alisema.

Alikuja kabla ya saa tatu. Pasikali naye alikuwepo msibani, maana jirani hasusi msiba, na alipomwona Nurudini anaingia na jembe begani alisimama kama anataka kumpokea, kisha akakaa tena. Nurudini hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja migombani na kuanza kuchimba na vijana.

Sijapenda kumsifu mtu yule na sitaki kumsifu sasa, ila kazi aliijua. Kaburi lilipofika kiunoni alilala ndani yake akagoma kutoka. Akasema amechoka na sufuria, hili sasa ni lake, wafiwa watafute lingine. Mpaka alipoletewa jogoo ndipo alipokubali kutoka, akalalamika jogoo amekonda. Watu wakaanza kutabasamu, wale waliokuwa wamekaa tangu jana wakitazama miguu yao. Kisha jeneza lilipoletwa alilisogelea. Bibi Niyonkuru alikuwa na tabia ambayo kila mtu wa Busunzu anaijua: kila gulio alipita kwenye sufuria za Nurudini, akagonga kila moja kwa ukucha, akasikiliza, akasema "hii inavuja," akaenda zake bila kununua. Miaka mingi alifanya hivyo. Nurudini akainama kama bibi, akaligonga jeneza kwa ukucha, akatega sikio.

"Hili halivuji, mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Safari hii chukua."

Kezia alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka hapohapo, ya kwanza tangu mama yake afe, na wanawake wakamshika. Nilikuwa karibu naye. Nilikisikia kicheko kile na nikakilinganisha na changu cha uwanjani, na sitaki kusema zaidi.

Jumamosi mkutano wa kijiji ulikuwepo kama ulivyopangwa. Mwenyekiti wa kijiji alisoma barua ya Pasikali. Kijana mmoja nyuma akatupa neno, "Jina?" Wiki iliyotangulia vinywa arobaini vingemjibu. Siku hiyo watu walikuwa bado wana udongo wa kaburi kwenye kucha. Hakuna aliyejibu, na yule kijana akajifanya alikuwa anamwita mtu.

Pasikali alisema machache kama kawaida yake. Kwamba habari zimeenea, kwamba kila mtu anazijua. Mwenyekiti akamuuliza amezipata wapi. Akasema kwa watu. Watu gani? Pasikali akamwangalia Nurudini, ambaye alikuwa amekaa pembeni kwa sababu tanga lilikuwa halijaanuliwa na mtani haondoki kabla ya hapo.

Kezia akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Alikuwa amejifunga kitambaa cha msiba.

"Nurudini, yale uliyoyasema uwanjani, yalikuwa utani au yalikuwa habari? Kama ni habari, iseme hapa, useme ni kadi namba ngapi na uliiona wapi, na wazee wakuandike. Kama ni utani, sema ni utani wa nani na nani."

Nurudini alisimama. Hakuigiza sauti ya mtu. "Ulikuwa utani," alisema.

"Wa nani na nani?"

"Wa Msumbwa na Muha." Akamwangalia Pasikali, akamwangalia mwenyekiti. "Jana nilimzika mama wa mtani wangu. Mimi habari yoyote sina."

Akakaa. Mwenyekiti akanigeukia, akaniambia nisome daftari. Nikasimama na ukurasa wangu wa arobaini na mbili. Nilikohoa kabla ya tarehe kama ninavyokohoa siku zote, nikangoja. Hakuna aliyecheka. Nilisoma mpaka mwisho kwa utulivu wa ajabu, na mara hii walisikia. Wiki zote hizo nilikuwa naubebesha ukurasa ule kazi isiyo yake. Ungewezaje kusikika wakati masikio yamejaa kicheko? Ilibidi kwanza kicheko kirudishwe kwa mwenyewe, akijibie.

Mikono ilinyooshwa kwamba abaki. Ilikuwa mingi, ilikuwa karibu yote. Kezia aliitazama bila kushukuru, safu kwa safu, na wengi waliishusha mapema.

Nieleze la uchaguzi hapa nisije nikalisahau: tulishindwa kwa kura kumi na moja. Pasikali akawa mwenyekiti wa kitongoji, na hakuwa mbaya kuliko wengine. Kezia alibaki kwenye nyumba yake na shamba lake, na kahawa ya msimu ule aliivuna.

Jumapili tulianua tanga. Irakoze na wanawake walikuwa jikoni. Nurudini alifagia chumba cha Bibi, akatoa godoro la majani nje, akalichoma. Akarudi kutoa vilivyokuwa chini ya kitanda, na mimi na Kezia tulikuwa mlangoni kupokea. Alikuwa na mizaha yake ya mwisho mwisho, anasema bibi alikuwa tajiri aliyejificha, sasa tutaziona pesa za Wajerumani. Akavuta mzigo.

Ulikuwa umefungwa kwa kitenge, fundo juu ya fundo, na kamba ya mgomba ya kuubebea mgongoni. Nurudini alihangaika na mafundo yale mpaka akatumia meno. Ndani mlikuwa na blanketi moja, kisu, gauni la Irakoze la shule, na chumvi nyingi, imefungwa kwenye jani la mgomba ambalo lilikuwa bado kijani.

"Chumvi yote hii ya nini?" aliuliza, bado akitabasamu.

"Mara ya kwanza, tulipokimbia Burundi, tulitoka bila chumvi," Kezia alisema. "Tukala hivyohivyo siku nyingi. Kila watoto walipopita hapo nje wakiimba, mama alikuwa anafungua kuhakikisha imo, anabadilisha jani, anafunga tena. Nilimwambia hatuendi popote. Hakuniamini. Amekufa anasubiri lori."

Nurudini aliliweka blanketi sakafuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda kitupu, mikono katikati ya magoti.

"Alijua ni mimi niliyeanzisha?" aliuliza baadaye.

"Alijua. Irakoze alimwigizia yote, ya foleni na ya mzungu," Kezia alisema. Alikuwa anaikusanya chumvi iliyomwagika. "Alicheka sana. Kisha akaniomba nimletee kamba ya mgomba."